Kopo la Kushusha Lehemu: Ununue au Uache?

Basi la Nzega kwenda Tabora likishatoka stendi, mara nyingi husimama mtu kati ya viti, begi begani, akawasalimia abiria, akawaombea safari njema, kisha akaanza darasa. Ganzi ya miguu, kiuno kuuma, uchovu wa asubuhi, kusahausahau, nguvu za kiume kupungua: vyote, anasema, ni mafuta yaliyoganda kwenye mishipa. Hapo hutoka pakiti ya chai ya majani, kichupa cha vidonge vya kitunguu saumu, au kopo la unga wa kukoroga kwenye maji ya uvuguvugu. Bei ya dukani hutajwa kwanza, halafu bei ya "leo, humu humu ndani ya basi". Wanaonunua si wajinga. Ni akina mama waliouguza mume aliyepooza upande mmoja, ni walimu wastaafu walioambiwa kliniki kwamba mafuta yako juu bila kuelezwa zaidi, ni vijana wanaotaka kumpelekea baba zawadi yenye maana.

Kwa ajili yao nalitoa jibu mapema. Vinywaji na virutubisho vinavyouzwa kwa jina la kushusha lehemu, vingi havishushi chochote kinachopimika. Vichache vinashusha, lakini kidogo, tena kwa sharti la kutumiwa kila siku bila kukoma. Na karibu vyote havijawahi kuonyeshwa kwamba vinamwepusha mtu na mshtuko wa moyo au kiharusi, jambo ambalo ndilo hasa tunaloliogopa. Kimoja tu kina nguvu ya kweli, na hicho kina nguvu kwa sababu ndani yake mna dawa ya hospitali. Nitakieleza.

Kinachopimwa na kisichopimwa

Lehemu, ambayo kwenye karatasi ya maabara huandikwa kolesteroli, si sumu. Mwili unaihitaji kujengea kuta za chembe hai na kutengenezea homoni, na sehemu kubwa yake hutengenezwa na ini letu wenyewe. Husafiri kwenye damu ikiwa imebebwa. Mbebaji anayetajwa sana ni LDL, kwa kuwa akizidi kwa miaka mingi huiacha lehemu ndani ya ukuta wa mshipa. Mwingine ni HDL, anayeirudisha kwenye ini. Kuna pia trigliseridi, mafuta mengine kabisa, yanayopanda kwa sukari, pombe na uzito.

Hapa kuna mambo mawili ambayo muuzaji wa kwenye basi hayasemi. La kwanza, lehemu iliyozidi haina dalili. Haileti ganzi, haiumizi kiuno, haichoshi. Ganzi ya miguu yaweza kuwa kisukari kisichojulikana, na mtu akiinywea chai ya kuyeyusha mafuta anajichelewesha kutibiwa ugonjwa alio nao. La pili, hakuna kinywaji kinachoosha mishipa. Mafuta hayo hayakushika juu ya ukuta wa mshipa kama masizi ya sufuria, hata maji yapite yayakwangue. Yamo ndani ya nyama ya ukuta wenyewe. Kinachowezekana ni kushusha LDL kwenye damu kwa miaka, ili kisiongezeke kingine na kilichopo kitulie.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kupima, na kupima ni kwa damu. Ipo mashine ambayo mteja hushikishwa kichuma mkononi, kompyuta ikaandika kurasa nzima kuhusu ini, figo, mishipa na mafuta yake. Kichuma hicho hakichukui damu, basi hakina namna ya kujua lehemu yake. Mara nyingi mwenye mashine ndiye mwenye makopo, na karatasi inayotoka huishia kwenye orodha ya makopo ya kununua. Ukiona kipimo na dawa vinatoka kwenye begi moja, toka.

Kipimo cha kweli huitwa kipimo cha mafuta kwenye damu, nacho hutoa namba za lehemu yote, LDL, HDL na trigliseridi. Kituo cha afya cha kata huenda hakina. Kwa mkazi wa Tabora mjini, Uyui au Sikonge, pa kuanzia kuuliza ni hospitali ya rufaa ya mkoa, Kitete. Kwa kawaida si lazima kufunga kula, isipokuwa daktari akikuambia ufunge kwa sababu ya trigliseridi. Angalia vipimo vimeandikwa kwa kizio gani. Maabara nyingine huandika milimoli kwa lita, nyingine miligramu kwa desilita, na lehemu ya 5.2 kwa kizio cha kwanza ni sawa na 200 kwa cha pili. Watu wamewahi kuhangaika usiku kucha wakidhani lehemu yao imepanda mara arobaini, kumbe wamebadili maabara tu.

Namba peke yake bado haitoshi. LDL ya 3.5 (milimoli kwa lita, kama LDL zote humu) kwa binti wa miaka 28 asiyevuta sigara si sawa na 3.5 kwa mzee wa miaka 61 mwenye presha na kisukari. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019 majedwali ya rangi, ya kijani hadi nyekundu iliyokoza, yanayomwonyesha mhudumu uwezekano wa mtu wa miaka 40 hadi 74 kupata mshtuko wa moyo au kiharusi ndani ya miaka 10. Limo jedwali linalotumia lehemu na lipo lisilohitaji maabara kabisa: umri, jinsia, sigara, presha, uzito na urefu vinatosha. Mhudumu aliye Kaliua ndani kabisa anaweza kulitumia. Tena utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliwakuta takriban robo ya watu wazima wa Tanzania wana presha ya juu. Kama pesa iliyopo inatosha kitu kimoja tu, pima presha kwanza.

Yaliyowahi kujaribiwa

Sasa makopo. Mwaka 2022 watafiti wa Cleveland Clinic, Marekani, walifanya jambo ambalo wauzaji hawalifanyi: waliviweka virutubisho mashuhuri kwenye mizani moja na dawa. Watu wazima wapatao 190 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi. Kundi moja lilipewa rosuvastatini, dozi ndogo ya miligramu 5. Jingine kidonge kisicho na dawa ndani. Na mengine yakapewa mafuta ya samaki, mdalasini, kitunguu saumu, manjano, steroli za mimea, na mchele mwekundu wa chachu. Baada ya siku 28 walipimwa. Waliomeza dawa, LDL yao ilishuka kwa karibu asilimia 38. Waliomeza virutubisho, vyote sita, LDL yao haikushuka kwa maana kuliko ya waliomeza kidonge kitupu. Waliopewa kitunguu saumu LDL yao ilipanda kidogo.

Siku 28 ni chache, na muuzaji mwerevu atalisema hilo. Lakini dawa ilionyesha kazi yake ndani ya siku hizo hizo.

Mafuta ya samaki yanastahili neno lake, maana ndiyo yanayotumwa sana na ndugu walioko Muscat, Dubai au London. Hayashushi LDL. Kwa dozi kubwa anayoiandika daktari yanashusha trigliseridi, na hiyo ni habari nyingine. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao VITAL, uliowafuatilia watu zaidi ya 25,000 na matokeo yake kutoka mwishoni mwa 2018, haukuona kwamba gramu moja kwa siku inapunguza kwa uhakika jumla ya mishtuko ya moyo, viharusi na vifo vya moyo kwa watu wa kawaida.

Steroli na stanoli za mimea, ingawa steroli hazikung'ara katika jaribio lile la siku 28, ndizo zenye ushahidi ulio bora kati ya vinavyouzwa bila cheti cha daktari. Ndizo zilizomo kwenye vichupa vya mtindi na siagi za mimea za Ulaya. Siagi ya kwanza ya aina hiyo, Benecol, ilianza kuuzwa Finland mwaka 1995. Zinafanya kazi tumboni: zinagombea na lehemu nafasi ya kupita kwenye utumbo, na lehemu nyingine ikatoka na choo. Gramu 2 kwa siku, zikiliwa pamoja na chakula, hushusha LDL kwa takriban asilimia 7 hadi 10. Fanya hesabu. Mwenye LDL ya 4.2 atafika 3.8 hivi. Dawa kama atorvastatini ya miligramu 20, inayoshusha kwa asilimia 40 hivi, ingemfikisha karibu 2.5. Halafu geuza kopo usome: kila kidonge kina miligramu ngapi? Kama ni 400, ili ufikie gramu 2 utahitaji vidonge vitano kila siku, na kopo la vidonge 60 litakwisha kwa siku 12. Aliyekuuzia akakwambia kidonge kimoja asubuhi amekuuzia moja ya tano ya dozi. Taasisi ya Uingereza inayowaongoza madaktari, NICE, iliamua kutowashauri wagonjwa kutumia vitu hivi kwa ajili ya kuzuia ugonjwa wa moyo, kwa sababu haujaonekana ushahidi kwamba vinazuia mishtuko yenyewe. Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo wasivitumie.

Na sasa kile chenye nguvu, ingawa si katika kila kopo, na katika jaribio lile la siku 28 nacho hakikung'ara. Mchele mwekundu wa chachu ni mchele uliooteshewa ukungu, chakula cha zamani cha China, na leo umo kwenye vidonge vingi vya "asili" vya kushusha mafuta. Ndani yake mna monakolini K. Monakolini K na lovastatini, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987, ni kitu kimoja. Anayemeza kidonge hicho anameza dawa ya hospitali pasipo kujua dozi, maana kiasi kilichomo hutofautiana mno kati ya kopo na kopo. Kuna ukungu mwingine unaoweza kuingia humo na kuacha sumu inayoharibu figo. Mwezi Machi 2024 kampuni ya Kobayashi ya Japani ililazimika kuviondoa sokoni virutubisho vyake vya mchele huo baada ya watumiaji kuumwa figo, na wengine wakafariki. Hiyo ilikuwa Japani, nchi yenye maabara na ukaguzi mkali.

Jambo hili linavunja lile neno la wauzaji la "haina kemikali, ni asili tupu". Dawa za jamii ya statini zilizaliwa kwenye ukungu wa nafaka. Mjapani Akira Endo, aliyefariki mwaka 2024, alichunguza maelfu ya kuvu mapema miaka ya 1970 akaipata ya kwanza kwenye ukungu uliotoka kwenye mchele wa duka la nafaka mjini Kyoto. Asili ipo pande zote mbili. Tofauti ni kwamba upande mmoja kiungo kimetolewa, kimepimwa, kimejaribiwa kwa makumi ya maelfu ya watu, na dozi yake inajulikana. Tabora ina ukumbusho wa hili hapo Kwihara, kwenye tembe alimokaa mmisionari David Livingstone mwaka 1872. Vidonge vyake mashuhuri vya homa vilikuwa na kwinini, iliyotoka kwenye gamba la mti, lakini humo humo mlikuwa na kalomeli, chumvi ya zebaki. Kwinini ilitibu. Zebaki ilikuwa sumu. Aliyemeza hakuwa na namna ya kuvitenganisha.

Mlonge, rozela, tangawizi, siki ya tufaha, maji ya ndimu asubuhi: kwa lehemu, tafiti zake kwa binadamu ni ndogo na zinapingana. Rozela isiyo na sukari inaweza kushusha presha kidogo, lakini haichukui nafasi ya dawa ya presha. Majani ya mlonge ni mboga nzuri, yaleni. Asali yetu ya miombo, sifa ya Tabora nchi nzima, huchanganywa na mdalasini ikauzwa kama kiyeyusha mafuta. Asali ni sukari tamu yenye harufu nzuri ya maua ya msituni. Kijiko kimoja cha chakula kina karibu gramu 17 za sukari, na kwa mwenye trigliseridi za juu au kisukari hiyo si dawa. Na wanzuki, pombe yake, ndiyo kabisa.

Njia ya mafuta

Njia ya zamani ya misafara, Bagamoyo hadi Ujiji kupitia Unyanyembe, yaani hapa Tabora, leo ni reli na lami, na bado inabeba mafuta ya kula kutoka pande zote. Hapa ndipo mkazi wa Tabora ana nafasi kubwa kuliko kopo lolote, kwa kuwa anakaa katikati na anaweza kuchagua.

Kutoka magharibi, Kigoma na Ujiji, huja mawese. Karibu nusu ya mafuta hayo ni mafuta yaliyoshiba, yale yanayoliamuru ini liache LDL nyingi kwenye damu. Uchambuzi wa tafiti uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba anayetumia mawese, akilinganishwa na anayetumia mafuta ya mimea yenye mafuta machache yaliyoshiba, LDL yake huwa juu kwa wastani wa 0.24. Namba hiyo ina uzito wake: inakaribia kile ambacho steroli za bei ghali zingekushushia, na hapa unaipata kwa kubadili dumu tu. Simlaani mwenye mawese. Mawese mekundu yasiyopaushwa yana karotini, mwili huigeuza kuwa vitamini A, na kwa watoto wa vijijini hilo ni jambo kubwa. Lakini mtu mzima mwenye LDL ya juu ayaweke kwa mboga ya siku moja moja.

Kutoka mashariki, Singida na Dodoma, huja alizeti. Mafuta yaliyoshiba humo ni kama sehemu moja ya kumi. Mafuta ya karanga ni chini ya sehemu moja ya tano, ya pamba inayolimwa Igunga na Nzega ni kama robo. Samli hupita nusu, na mafuta ya nazi ya pwani hupita asilimia 80, ingawa siku hizi yanauzwa mijini kwa sifa ya kutibu moyo. Mafuta ya kupikia yanayoganda kopo likiwa kabatini, yaacheni.

Sasa simama mbele ya rafu ya duka, chukua dumu la mafuta ya rangi ya dhahabu. Mbele kuna picha ya moyo na maandishi makubwa kwamba hayana kolesteroli. Ni kweli, lakini hakuna mafuta ya mmea yenye kolesteroli kiasi cha kuhesabika. Hata mawese hayana. Lehemu ya kwenye damu inapandishwa zaidi na mafuta yaliyoshiba kuliko lehemu ya kwenye chakula. Geuza dumu, tafuta maandishi madogo ya viambato. Mara nyingi utakuta ni mafuta ya michikichi yaliyosafishwa, yaliyotoka Malaysia au Indonesia. Yamepoteza karotini yake, na mafuta yaliyoshiba yamebaki.

Halafu gunia la karanga. Mkoa huu unalima karanga, na ushahidi wake unashinda wa makopo mengi. Uchambuzi wa tafiti 25, uliotolewa mwaka 2010, ulikuta kwamba watu waliokula wastani wa gramu 67 kwa siku za njugu za aina mbalimbali, karanga zikiwamo, LDL yao ilishuka kwa asilimia 7 hivi. Hiyo ni viganja viwili vya karanga, na nusu yake bado ni faida. Zile steroli za kwenye kichupa cha Ulaya zimo pia ndani ya karanga, kwa kiasi kidogo. Sharti ni kwamba ziwe mahali pa nyama ya mafuta au vitumbua, si nyongeza juu yake, maana zinashibisha na kunenepesha. Sharti la pili ni usafi: zilizokunjamana, zenye ukungu, zenye ladha chungu, zitupwe bila huruma. Sumukuvu inaua, mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi.

Maharage, kunde, choroko, dengu na njugumawe zina nyuzi za kuyeyuka zinazoishika nyongo tumboni na kutoka nayo. Ini likahitaji kutumia lehemu kutengeneza nyongo nyingine. Bakuli moja dogo la jamii hizo kila siku limepunguza LDL kwa asilimia 5 katika tafiti zilizojumuishwa mwaka 2014. Dona badala ya sembe, mlenda na majani ya kunde badala ya kachumbari ya kijiko kimoja, michembe na karanga badala ya biskuti, dagaa wa Kigoma badala ya utumbo wa mbuzi wenye mafuta: haya ni mapishi ya bibi zetu wa Kinyamwezi. Wanaoyaacha wakipata pesa ndio wanaorudi kununua nyuzi zile zile zikiwa kwenye kopo.

Kahawa nayo. Kwenye vijiwe, birika likiwa juu ya mkaa tangu alfajiri, kahawa huchemka pamoja na unga wake. Kahawa iliyochemshwa hivyo ina kitu kiitwacho kafestoli, mafuta ya punje yenyewe, nacho hupandisha LDL. Watafiti wa Norway waliliona hilo miaka ya 1980 kwa wanywaji wao wa kahawa ya kuchemsha. Vikombe ni vidogo, na kimoja au viwili havina neno. Anayekaa kijiweni asubuhi na jioni akamaliza vikombe kumi, na LDL yake iko juu, apunguze mwezi mmoja kisha apime tena. Nyumbani, kichujio cha karatasi huizuia kafestoli.

Tumbaku siwezi kuipita kimya, maana ndiyo iliyosomesha watoto wengi Urambo, Kaliua na Sikonge. Hakuna chai ya kuosha mishipa inayoweza kumkinga anayevuta. Sigara huijeruhi mishipa, huishusha HDL na hufanya damu igande. Mwaka mmoja baada ya kuacha, hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo hushuka hadi karibu nusu ya ile ya anayeendelea.

Kidonge chenyewe

Mtu aliyewahi kupata mshtuko wa moyo au kiharusi cha kuziba mshipa, mwenye kisukari aliyefika miaka 40, aliye kwenye rangi nyekundu ya jedwali, na mwenye LDL ya 4.9 au zaidi, hawa hawana haja ya kujaribu makopo kwanza. Waulizie statini. LDL ya juu namna hiyo huweza kuwa ya kurithi, hasa kama katika ukoo wamo waliofariki ghafla wakiwa na miaka 40 au 50, na hapo ndugu wa tumbo moja na watoto wapimwe pia.

Mwaka 1994 utafiti wa nchi za Skandinavia uliwafuatilia wagonjwa wa moyo 4,444. Nusu walipewa simvastatini, nusu kidonge kitupu, na vifo kwa waliopewa dawa vilipungua kwa asilimia 30. Simvastatini imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu tangu mwaka 2007. Ulinzi wa hataza wa dawa hizi za zamani umeshakwisha, zinatengenezwa na viwanda vingi, na kwa hiyo matibabu ya mwezi mzima mara nyingi hugharimu chini ya kopo moja la unga. Uliza bei ya atorvastatini kwenye duka la dawa kabla hujanunua chochote kwenye basi.

Zina madhara, na ni haki yako kuambiwa. Wengine huumwa misuli. Maumivu makali yakiandamana na mkojo wa rangi ya kahawia ni ya kukimbilia hospitali. Mjamzito na anayepanga kushika mimba aseme kabla. Anayetumia ARV aseme pia, kwa sababu baadhi ya ARV hazipatani kabisa na simvastatini, na daktari atachagua nyingine. Balungi huongeza nguvu ya baadhi yake kwenye damu.

Ninachokihofia zaidi ya pesa kupotea ni mtu kuacha kidonge kwa ajili ya kikombe. Tuliona mwaka 2011, pale Samunge, Loliondo, kikombe cha dawa ya miti cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kilipouzwa Sh500 na magari yakapanga foleni ya kilomita nyingi, mengine yakitoka huku kwetu. Bei ilikuwa ndogo na nia ya wengi ilikuwa njema. Lakini wapo walioacha ARV na dawa za kisukari wakiamini wamepona. Presha na lehemu hazimpi mtu maumivu ya kumkumbusha kwamba ameacha dawa, na ndiyo maana kuziacha ni rahisi.

Maswali kwa muuzaji

Muulize kilichomo, kwa jina na kwa miligramu. "Mchanganyiko wa mimea 28" si jibu. Muulize namba ya usajili na ni ya nani. Tangu 2019 chakula kinasimamiwa na shirika la viwango, TBS, dawa na vifaa tiba vinasimamiwa na mamlaka ya dawa, TMDA, na tiba asili ina baraza lake chini ya sheria ya mwaka 2002. Bidhaa iliyosajiliwa kama chakula imekubalika kuliwa. Hilo halimaanishi imethibitishwa kutibu. Nembo za halali, za viwango vya kiwanda, au maneno kwamba imeidhinishwa Marekani hayathibitishi tiba pia. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1994, virutubisho havihitaji kuthibitishwa kwamba vinafanya kazi kabla ya kuuzwa. Akikwambia uache dawa za hospitali "ili hii ifanye kazi vizuri", mazungumzo yaishe hapo.

Kama kopo liko nyumbani tayari, usilifiche. Lipeleke kliniki lilivyo, limwekee daktari mezani, hasa ukiwa unatumia dawa ya kuyeyusha damu, kwa kuwa vidonge vya kitunguu saumu na baadhi ya mitishamba huongeza kutokwa damu. Na kama bado unataka kulijaribu na daktari hana pingamizi, jaribu kwa haki. Pima LDL kabla. Usibadili chakula wala dawa. Tumia dozi ile ile kila siku kwa wiki 6 hadi 8, kisha pima tena maabara ile ile. Lehemu ya mtu hupanda na kushuka yenyewe kwa asilimia kadhaa kati ya siku na siku, na shuhuda nyingi zinazosomwa kwenye basi zimetoka hapo. Kutoka 4.2 hadi 4.0 haijathibitisha kitu. Ikifika 3.2, mwulize daktari kilichomo ndani ya kopo, maana unga wa mimea ya kawaida haushushi kiasi hicho, na huenda umekuwa ukimeza statini bila dozi wala cheti.